Nilisema Gari Halikuingia Maji

Siku maji yalipoingia kwa dada yangu huko Mwihoko, nilikuwa dukani kwangu Kiganjo, hapa Thika, nikipima pindo za sketi za shule. Ilikuwa bado asubuhi. Simu yake haikuchukua hata nusu dakika.

"Maji iko ndani ya nyumba. Nguo zangu zote ziko chini. Kuja na gari."

Dada yangu ndiye kifungua mimba kwetu, mimi namfuata. Anauza mtumba wa watoto, na chumba chake cha kupanga, cha chini kabisa kwenye ploti, ndicho pia stoo yake. Nilijua wiki hiyo alikuwa amefungua marobota mawili mapya. Nilijua pia mume wangu angesema nini. Yeye ni dereva wa lori la masafa marefu, na wakati ule alikuwa njiani kuelekea Sudan Kusini. Gari letu dogo aliniachia kwa sharti moja: maji yakifika nusu ya gurudumu, geuza. Neno la pili hakuliita sharti, lakini alilirudia kila alipomsikia dada yangu kwenye simu: "Huyo anafikiri hii gari ni ya kata nzima."

Nilifunga duka nikaenda.

Niliingilia upande wa Githurai. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na mitaro ilikuwa imeziba kwa taka. Kwenye kona ya mwisho kabla ya ploti ya dada yangu, barabara ilikuwa imegeuka kitu cha rangi ya chai ya maziwa, na sikuweza kukisia kina chake. Nilisimama. Mtu wa pikipiki alinipita akiwa ameinua miguu juu ya tangi. Upande wa pili nilimwona dada yangu amesimama langoni na furushi kichwani, gauni limemganda miguuni, akinipungia mkono mmoja. Nikaweka gia ya chini nikakanyaga mafuta.

Gari halikuzima. Hilo ndilo lililonipa kiburi. Tulipakia kwa nusu saa hivi, milango ikiwa wazi, maji yakiingia upande huu na kutokea upande ule. Nilikumbuka kuvua viatu vyangu na kuviweka juu ya dashibodi, lakini sikukumbuka kulisogeza gari mahali pa juu. Dada alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, akinirushia vigauni na suruali ndogo ndogo kama mtu anayezima moto. Mzigo tuliupeleka kwa rafiki yake Ruiru, orofa ya pili, kisha nikarudi Thika peke yangu nimekalia kiti chepechepe.

Nyumbani nilikausha kwa matambara, nikafungua milango yote minne na kuliacha gari juani siku mbili. Jua lilikuwa kali baada ya mvua ile. Kapeti ilikauka hadi ikawa ngumu. Mume wangu alipopiga simu jioni akaniuliza habari za mvua, nilimwambia huku kwetu imenyesha kidogo.

"Na gari?"

"Iko sawa," nikasema. Saa hiyo ilikuwa kweli.

*

Gari lile halikuwa la kwenda sokoni. Lilikuwa la Mama. Figo zake zilikuwa zimechoka, na kila Jumanne na Ijumaa ilibidi awe hospitali moja hapa Thika saa tatu asubuhi ili aunganishwe na mashine ya kusafisha damu. Saa nne nzima analala pale, damu ikitoka na kurudi. Akikosa siku moja, miguu inavimba. Akikosa mbili, anaanza kutafuta pumzi. Tulimsihi ahamie kwangu lakini alikataa katakata. Alikuwa na kuku zake Ngoliba, mbuzi wanne, na kunde zake kwenye ule udongo mkavu, na alisema akiziacha atakuwa ameacha kila kitu. Kwa hiyo kila Jumanne na Ijumaa niliamka, nikatoka Kiganjo, nikashika barabara ya Garissa hadi Ngoliba, nikamchukua, nikarudi naye.

Taa iliwaka Jumanne ya kwanza baada ya mafuriko. Tulikuwa tumetoka kwake, Mama amejilaza kiti cha nyuma na shuka lake. Yeye huniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Maitu," akasema, "hiyo birika ya manjano ni ya nini?"

Nikaangalia. Kwenye dashibodi, chini ya mshale wa mwendo, kulikuwa na taa ndogo yenye umbo la injini. Ni kweli ilifanana na birika.

"Ni taa tu, Mama."

"Haikuwa hapo Ijumaa."

Nilizima redio ili nisikilize injini, na kuanzia hapo sikuacha kusikiliza. Kila kishindo cha tairi kwenye shimo kilinifanya niitazame ile taa, kana kwamba ingebadilika na kunieleza inataka nini. Tulifika salama. Nikamfikisha kitandani kwake, nesi akamuunganisha, na mimi nikarudi kwenye maegesho. Kwa saa nne nzima niliwasha gari na kulizima, nikitumaini kwamba mara moja halitaiwasha taa. Liliiwasha kila mara.

Jioni mume wangu alipiga simu. Nilimwambia taa ya injini imewaka.

"Imewaka tu yenyewe?"

"Yenyewe."

"Peleka kwa fundi wangu kesho. Usikae na hiyo taa."

Fundi wake ana gereji ndogo Thika, pale kwenye viwanda. Walisoma pamoja, na ndiye anayelihudumia gari letu. Hapo ndipo shida yangu ilipokuwa, maana chochote ambacho ningemwambia kingefika Sudan Kusini kabla mimi sijafika Kiganjo. Alichomeka mashine yake ya kusoma gari chini ya usukani, akangoja, kisha akakunja uso.

"Shemeji, hii inanipa makosa sita. Sita! Na haiwezekani vitu sita zikufe siku moja." Akaniangalia. "Umepita mahali kwa maji?"

"Hii mvua, nani hajapita kwa maji? Ni yale ya barabarani tu."

Alinitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mashine. Leo nikikumbuka alivyonitazama naona aibu. Alichagua kosa moja kati ya yale sita, lile aliloona ni la kawaida kwa magari ya aina ile, akabadilisha sensa moja kwenye bomba la moshi, akafuta makosa yote kwa mashine yake na taa ikazimika. Nilitoka pale nikiimba. Nilimpigia mume wangu nikamwambia imepona, naye akasema vizuri, kwa sauti ya mtu aliyetaka kuongeza neno.

Ijumaa birika ilikaa siku nzima bila kuwaka. Jumamosi ikarudi nikielekea kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Fundi akasafisha plagi. Ikazimika siku moja. Ikarudi. Akasafisha ile sehemu hewa inapoingilia kwenye injini. Ikazimika, ikarudi. Kila mara aliniuliza kama kuna kitu nimesahau kumwambia, na kila mara nilisema hakuna.

Usingizi ulianza kunihama. Dukani nilikata kola mbili za shati zote za upande wa kushoto. Mteja akiongea nami, mimi nilikuwa Ngoliba. Nilijua kabisa ni nini ningepaswa kusema, maneno matatu tu, na kila siku iliyopita iliyafanya kuwa mazito zaidi, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza pia kwa nini sikuyasema jana.

*

Jumanne moja, katikati ya safari ya kuja Thika, gari likakataa mafuta.

Halikuzima. Injini ilinguruma taratibu kama iliyosimama nyumbani, lakini nilikanyaga pedali ya mafuta hadi chini na hakuna kilichotokea. Kasi ikashuka, ikashuka, hadi tukawa tunatambaa. Lori la mchanga nyuma yetu likapiga honi ndefu, likatupita likiturushia vumbi. Nilisogea kando, nikazima, nikawasha tena. Likaenda vizuri kwa dakika chache, nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti, kisha pedali ikafa tena chini ya mguu wangu.

"Kuna nini?" Mama akauliza.

"Inachoka kidogo."

"Na mimi pia," akasema.

Nilimtazama kwenye kioo. Ile ilikuwa Jumanne, siku mbaya zaidi, kwa sababu kutoka Ijumaa hadi Jumanne ni mbali. Uso wake ulikuwa umejaa. Alikuwa ameketi wima, ameshika mgongo wa kiti changu kwa mikono yote miwili, na nilisikia pumzi yake ikija fupi fupi juu ya ngurumo ya injini. Pande zote mbili hapakuwa na kitu ila vichaka vya miiba na mashamba ya watu yaliyokuwa yameanza kukauka tena. Nilifikiria kusimamisha gari la mtu, lakini nilimwona Mama akipandishwa kwenye pikapu, akibanwa, akitikiswa, na nikaogopa. Nikaogopa pia kuzima injini kwa mara ya tatu, isije ikakataa kuwaka. Kwa hiyo tulitambaa. Zima, washa, dakika mbili za mwendo, kisha kutambaa. Kwenye vilima gari lilikaribia kusimama, nami nikawa najisukuma mbele kwenye usukani kama mtu anayesukuma mkokoteni. Watu waliokuwa wakitembea kando ya barabara walitupita.

Mama hakusema neno lingine mpaka tulipoona mabati ya kwanza ya Thika. Hapo akasema, "Fungua dirisha," na dirisha lilikuwa wazi muda wote.

Tulifika saa tano kasoro. Mashine yake ilikuwa imepewa mgonjwa mwingine. Nesi alimweka kwenye kiti cha magurudumu, akampa hewa ya oksijeni, akaniambia tungoje zamu ya mchana. Hakunikaripia. Alisema tu, "Mama huwa hachelewi, leo kumetokea nini?" Nilimwambia gari limeharibika. Nikaenda chooni nikajifungia, nikalia hadi mtu akabisha.

Mchana ule, Mama akiwa ameunganishwa na rangi imeanza kumrudia, nilimpigia dada yangu. Sikumpigia kwa upendo. Nilimwambia kwamba Mama nusura afie barabarani na yeye hata hajui ni siku gani za mashine. Nilimwambia mambo mengine pia ambayo sitayaandika hapa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Leta gari Ruiru kesho," akasema. "Kuna fundi wa umeme wa magari, ni mteja wangu, hununulia wajukuu wake nguo kwangu. Huyo mama akishindwa, uza hiyo kitu."

*

Fundi huyo alikuwa mwanamke wa umri wa kukaribia miaka sitini, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu shingoni. Gereji yake haikuwa na shimo wala mashine kubwa. Ilikuwa kivuli cha mabati, meza moja, na waya za kila rangi zimening'inia kwenye misumari. Jumatano ile dada yangu alikuwa amenitangulia, amesimama pale na leso kiunoni kana kwamba ndiye atakayefungua injini.

Yule mama hakufungua boneti. Alifungua mlango wa dereva, akainama, akanusa.

"Hii gari imeingia maji?"

"Hapana," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe. Nilikuwa nimelisema mara nyingi mno.

Dada yangu akageuka. "Haiya! Hapana nini? Si ulikuja kwangu maji ikiwa hapa?" Akajishika juu ya goti. "Si tulipakia nguo ikiwa ndani ya maji? Mbona unamwambia hapana?"

Hakujua kwamba ilikuwa siri. Alinitazama kwa mshangao wa kweli kabisa, na fundi naye akanitazama, miwani ikiwa puani. Nikasema ndiyo, iliingia maji, nusu saa nzima, milango wazi. Nikataja na wiki. Nilisema yote haraka haraka nikiwa nimeangalia chini.

"Sasa hapo tunaongea," fundi akasema. Alivua kiatu kimoja, akaweka mguu wake na soksi juu ya kapeti, upande wa dereva, akaukandamiza kwa uzito wake wote. Alipouinua, soksi ilikuwa imelowa.

"Lakini ilikauka," nikasema. "Niliianika siku mbili."

"Juu ilikauka. Chini yake kuna sponji nene kama godoro. Hiyo haikauki kwa jua."

Tuliondoa viti vya mbele, sisi watatu, yeye akifungua nati na sisi tukivuta. Kisha akaikunja kapeti nyuma kama ngozi ya mbuzi. Chini yake sponji ilikuwa nyeusi, imevimba, na alipoifinya ikatoa maji ya kahawia yenye harufu ya mtaro. Kando ya mlango, ndani ya mfereji mdogo wa bati, kulikuwa na fungu la waya lililounganishwa kwa soketi nyeupe. Aliitenganisha akaniita niangalie. Pini zake zilikuwa na ukungu wa kijani, nyingine zimeliwa hadi zikawa nyembamba kama sindano.

"Waya ya pedali ya mafuta inapita hapa," akasema. "Na ya sensa kadhaa. Zote zinatumia hii njia moja. Maji inakula polepole. Leo inagusa, kesho haigusi, ukipita kwa shimo inagusa tena. Ndio maana kompyuta inalia vitu sita. Haina wazimu, inasema kweli." Akainua miwani. "Huyo fundi mwingine ulimwambia kuhusu maji?"

"Hapana."

"Basi usimlaumu."

Kazi ilihitaji siku tatu. Alitaka kukata pini zote zilizolika, aunganishe waya moja moja kwa risasi ya kuyeyusha, na sponji itolewe nje kabisa ikauke hadi chembe ya mwisho. Nikaanza kumwambia haiwezekani, Ijumaa nina Mama, lakini dada yangu akanikata.

"Ijumaa nitamleta mimi."

"Utamleta na nini?"

"Hiyo wachia mimi."

Alhamisi alifunga kibanda chake cha nguo akaenda Ngoliba kulala kwa Mama. Huko akaongea na jirani mwenye gari la kupeleka nyanya Thika, na Ijumaa asubuhi, saa mbili na nusu, wakawa hospitalini, Mama ameketi kiti cha mbele na mto mgongoni. Mimi nilikuwa nimefika tangu saa moja. Nilitembea kutoka lango hadi maegesho na kurudi hadi askari wa pale akaniuliza kama nimepoteza kitu.

*

Ijumaa hiyo hiyo, Mama akiwa kwenye mashine na dada ameketi kando yake, nilitoka nje nikampigia mume wangu. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu alfajiri, lakini yalitoka ovyo. Nilimwambia juu ya Mwihoko, viatu juu ya dashibodi, kapeti, fundi wa Ruiru, na Jumanne ile barabarani.

Nilisikia malori yakinguruma huko aliko.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Fundi wangu aliniambia siku ya kwanza. Alipata matope ndani ya taa ya mbele, na ingine chini ya tairi ya spea. Akaniambia, hii gari imeogelea, lakini shemeji anasema hapana. Nikamwambia akuwache. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Nilikuwa nimepiga simu kuomba msamaha. Nilikuwa na msamaha mdomoni, tayari. Badala yake nilisikia sauti yangu ikipanda hadi watu waliokuwa kwenye benchi wakageuka.

"Ulijua? Ulikuwa unangoja, na Mama yuko kiti cha nyuma?"

"Aliniambia taa imezimika."

"Aliizima na mashine! Wewe ndio dereva, wewe ndio unajua maji inafanya nini kwa gari! Mimi nilificha kwa sababu ya uoga. Wewe ulinyamaza kwa nini?"

Akaanza kujibu, laini ikakatika. Mpaka leo sijui kama ni mtandao au ni yeye. Jioni ile hakupiga simu. Jumamosi pia hakupiga. Nilichukua gari Ruiru, fundi akanikalisha, akaniambia niliendeshe naye hadi karibu na Juja na kurudi. Pedali iliitika kila nilipoigusa. Taa haikuwaka. Aliniambia nirudi baada ya wiki mbili amwangalie mgonjwa wake, akacheka. Mimi sikuweza kucheka. Nilirudi Thika nikitazama simu kuliko nilivyotazama barabara.

Jumapili ujumbe ulikuja: *Nitafika Jumatatu.*

Alifika akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Alikula, akaoga, akazunguka gari mara mbili bila kuligusa. Aliinama akakandamiza kapeti kwa kiganja. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa na nguo za kukunja mikononi, nikikunja shati moja na kulikunjua.

"Amefanya kazi safi," akasema.

"Ndiyo."

"Ungeniambia maji ilifika wapi, ningekwambia utoe kapeti siku hiyo hiyo."

"Na ungeniambia mengine pia."

Alifikiria hilo. "Ningekwambia mengine pia," akakubali. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia kutoka kwake, kwa sababu si mtu wa maneno hayo. Alisema kwamba alipokuwa akingoja niseme, alikuwa anafikiria gari, na uaminifu, na mimi, na hakuwahi hata mara moja kufikiria nani amekaa nyuma. Alisema hivyo akiangalia tairi.

Sikumwambia ni sawa. Haikuwa sawa bado, kwake wala kwangu. Nilimwambia kesho ni Jumanne.

Aliendesha yeye. Tulifika Ngoliba mapema, Mama akiwa tayari ameketi nje na shuka lake, kuku wakimzunguka. Mume wangu humheshimu mama mkwe wake kwa namna ya kizamani. Hakai karibu naye sana wala hamtazami usoni anapoongea. Alisimama hatua kadhaa mbele yake akavua kofia.

"Mama, ile siku mlichelewa, kosa lilikuwa langu pia."

Mama alinitazama mimi, kisha yeye. "Niliambiwa gari ilikuwa inachoka," akasema. "Sasa imepumzika?"

"Imepumzika, Mama."

"Basi twende. Yule nesi hapendi kungoja."

Tulikuwa hospitalini saa tatu kasoro robo. Nilimwingiza Mama, nikamvua viatu, nesi akafanya kazi yake. Nilipotoka nilimkuta mume wangu ameketi kwenye lile benchi la ukutani ambalo nimelizoea, miguu yake mirefu imejikunja kwa sababu benchi ni fupi. Nilimwambia anaweza kwenda nyumbani alale, atarudi saa saba. Alikuwa ameendesha lori siku nne.

"Nitakaa," akasema.

Baada ya saa moja alisimama akanyoosha mgongo. Baada ya saa mbili aliuliza choo kiko wapi. Alitazama saa ya ukutani, akatazama mlango, akatazama watu wengine waliokuwa wakingoja kama sisi, mmoja akifuma, mwingine amelala na mdomo wazi.

"Hivi ndivyo huwa unakaa?"

"Jumanne na Ijumaa."

"Tangu mwaka jana?"

"Tangu mwaka juzi."

Alitoka nje, nikadhani ameshindwa, ameenda kulala garini. Alirudi na chai mbili kwenye vikombe vya karatasi na mandazi ndani ya gazeti. Akanipa cha kwangu, akaketi tena karibu nami, bega lake likigusa langu kwa sababu nafasi haikutosha. Chai ilikuwa na sukari nyingi mno. Niliinywa yote, macho yangu yakiwa mlangoni.